Binti Yangu Hasemi Tena Shikamoo Tangu Mama Yake Afungwe

Admin, jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na moja, ni fundi ujenzi, naishi Kikuyu hapa Dodoma, na kazi ya sasa iko Msalato. Mke wangu yuko gerezani kwa kupika pombe ya gongo. Simtetei, alipika kweli. Anatoka mwezi ujao.

Nimebaki na binti yetu wa miaka kumi, nimwite Rehema, na mdogo wake. Zamani mtaa mzima ulimsifu Rehema kwa adabu. Tangu mama yake achukuliwe, haamkii mtu mzima yeyote. Akikutana na mkubwa anatazama chini, anapita. Darasani akiulizwa swali hajibu, hata kama jibu analijua. Amerudia kukojoa kitandani. Mwalimu wake alinipigia simu: "Baba Rehema, huyu mtoto ana dharau. Hata fimbo hazimwingii." Majirani nao wanasema, "Mama jela, mtoto jeuri, mlitegemea nini?"

Anayetushika mkono ni jirani mmoja, mama muuza mkaa. Anawafulia watoto sare, na nikichelewa kazini nakuta ameshawalisha ugali na mlenda. Huyo huyo ndiye ambaye mke wangu anaamini alituchoma kwa polisi. Kila nikienda kumtembelea anarudia: "Yule mama mkaa atanitambua nikitoka. Nani mwingine alijua mitungi ya gongo nimeifukia wapi?"

Juzi mama yangu alikuja kutoka Mpwapwa. Rehema akampita mlangoni kimya. Mama akacheka, "Kumbe humu ndani mna mbunge! Akishachaguliwa hasalimii wapiga kura."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimetoka kazini, nimechoka, nikachukua fimbo. "Mwamkie bibi yako."

Akajikinga kwa mikono. "Baba, nikimwamkia ataniuliza."

"Akuulize nini?"

"Wale askari niliwaamkia. Mmoja akasema marahaba, huyu mtoto ana adabu kweli. Akaniuliza mama anaficha wapi mitungi. Nikawaonyesha."

Niliweka fimbo chini. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo: mkubwa anaamkiwa, na akiuliza anaambiwa ukweli. Siku ile alifanya yote mawili, kisha akasimama uani akitazama mama yake anapandishwa kwenye gari.

Mama yangu alimpakata. "Hujakosa kitu, mjukuu wangu." Alikuwa kama anaongea na ukuta. Baadaye Rehema alinifuata jikoni, akanishika shati. "Baba, usimwambie mama. Hatanitaka tena." Nikamwahidi.

Ndugu zangu, nimechoka, na siku zinakwenda. Nikinyamaza, mke wangu akitoka atamvaa mama wa watu aliyewalisha wanawe. Nikisema, nitakuwa mkubwa mwingine aliyeambiwa ukweli na Rehema, kisha akamgeuka. Na mke wangu namjua, ana hasira za karibu. Sijui atampokeaje mtoto.

Siku akiingia mlangoni, kitu cha kwanza atakachosubiri ni shikamoo ya mwanaye. Jana nilimuuliza Rehema kama ataweza. Alitazama chini, akapita.

Mliowahi kulea mtoto mwenye mzigo kama huu, nielekezeni: nivunje ahadi niliyompa, au nimwache mama mkaa abebe lawama isiyo yake?