Magamba ya Chaza Kutoka Uani kwa Mama

Mwaka wangu wa tatu wa kusomea biolojia Pemba, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji, chuo chetu kilikuwa na zamu ya kutumia hadubini ya elektroni kwa ushirika na vyuo vingine. Sisi tuliiita makina tu. Ilikaa katika chumba chenye baridi, na foleni yake haikuwa ndogo. Wengi walikuja na vipande vya miamba, maana tangu gesi igunduliwe kila kijana alitaka kusomea miamba. Sisi wachache tulikuja na majani, wadudu na magamba. Kila mmoja alipewa asubuhi moja tu kwa muhula.

Asubuhi yangu niliiharibu. Utafiti wangu ulihusu magamba ya chaza wa kwetu, kusini ya Palma, na niliyaleta mwenyewe kutoka likizo nikidhani yamekauka. Fundi wa makina, mtu mpole asiyepandisha sauti, alinieleza kwamba mle ndani hewa yote hunyonywa, na kitu chenye unyevu hakikubaliki. Tulijaribu hivyo hivyo. Makina ikagoma, na tulipoyatoa magamba yalikuwa yanameguka mkononi.

"Pole," fundi akasema. "Lete mengine, na safari hii uyakaushe kwenye tanuri kwanza."

Nikampigia mama simu. Mama alikuwa mjane, na aliyenifikisha chuoni ni yeye na chaza aliowaokota, akawafungua na kuwauza. Nilipomweleza kwamba magamba hupakwa dhahabu kabla ya kuingizwa kwenye makina, alicheka mpaka akakohoa.

"Dhahabu? Mimi sijavaa dhahabu tangu harusi, leo chaza wavae?"

"Kidogo sana, Mama. Ili makina iwaone."

Kicheko kikaisha. "Lakini pwani hakuendeki tena, mwanangu. Wamezungushia waya. Na sisi tunahama Jumamosi."

Habari za kuhama nilizijua. Mradi wa gesi ulikuwa umejenga nyumba za saruji kule juu, mbali na bahari, na kijiji chetu chote kingehamia huko. Sikujua tu kwamba ni Jumamosi hiyo. Nilikuwa na mitihani, sikwenda.

Wiki iliyofuata dereva wa chapa, basi dogo la abiria, alinishushia mfuko wa mchele. Ndani yake mlikuwa na magamba ya chaza kutoka kwenye lile lundo la nyuma ya jiko, ambako Mama alikuwa akiyatupa tangu sijazaliwa. Yalikuwa meupe, makavu kabisa. Mama yangu, siku ya kuhama, katikati ya magodoro na masufuria, alikaa chini akanichagulia magamba, akayafunga moja moja kwa vipande vya leso yake kuukuu.

Zamu yangu ya pili ilipofika, mwalimu wetu alileta wanafunzi wa mwaka wa kwanza waje kujifunza kwa kutazama. Wakasimama nyuma yangu. Picha ikajitokeza kwenye kioo, ya kijivu, matabaka ya gamba yamelala moja juu ya jingine kama makuti kwenye paa. Kisha ukatokea mfereji mrefu, umenyooka.

"Ufa," akasema mwanafunzi mmoja.

"Si ufa," fundi akamjibu. "Kuna kitu kikali kimepita hapa."

Nikasema, "Ni kisu cha mama yangu."

Baadhi wakacheka, si kwa ubaya. Mwalimu akasogea kutazama. "Basi hapo pameharibika. Tafuta mahali pasafi."

Fundi akasogeza, lakini kila tulipofika ukingoni tulikuta mama ameshapita. Mwishowe tukapapata mahali pasafi, katikati ya gamba. Picha ya mfereji nayo fundi alinihifadhia bila mimi kumwomba.

Likizo nikaenda nayo. Mama alikuwa amekaa kwenye baraza ya nyumba mpya, ametazamana na nyumba nyingine zilizofanana na yake. Nikampa simu. Aliisogeza karibu na macho.

"Hii nini?"

"Gamba la chaza, Mama. Na huu hapa ni mkato wa kisu chako."

Aliufuata kwa kidole, taratibu. "Huyu alikuwa mgumu," akasema. "Unaona, nimerudia mara mbili."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akanirudishia simu.

"Usinionyeshe tena."

"Kwa nini, Mama?"

"Mikono yangu inataka kazi. Nikiona hivi inataka zaidi. Niipeleke wapi?"

Akainuka akaingia ndani kupika samaki wakavu wa kununua.

Utafiti ulipita, nikahitimu, nikabaki chuoni kusaidia kufundisha. Kisha vita vikafika Palma. Mama alikimbia na majirani, akanifikia Pemba miguu imevimba. Niliishi karibu na bahari, na maji yakipwa wanawake walishuka kuokota. Nikamwambia ashuke nao, hata kwa kujinyoosha tu.

"Ile pwani ya wenyewe," akasema.

Hakushuka hata siku moja. Alikuwa akikaa mlangoni, amewapa mgongo. Masika ya pili aliugua, na hakuinuka tena. Tulimzika Pemba, katikati ya makaburi ya watu tusiowajua. Baba amebaki peke yake kaburini kule kijiji cha zamani, ndani ya waya.