Mashavu ya Amisi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningempa mtu mwingine anibebee kama siku zingebebeka. Kaa nikusimulie. Ni habari ya msiba, lakini nikifika kwenye ujinga wangu ukitaka kucheka, cheka. Nimeshazoea.

Nilizaliwa Lweba, kando ya ziwa. Vita vilipotufukuza tulivuka maji tukaishi kambini ng'ambo, miaka mingi, mpaka nikawa mwari huko huko. Chakula cha kambi kilikuwa kimoja: unga wa mahindi na maharage, leo na kesho na kesho kutwa. Tulisimama kwenye mstari na mifuko yetu, na mtu wa ghala akitupimia kama anayewapimia kuku. Maharage yenyewe hayakuwa na kosa lolote. Nilichokichukia ni ule mstari, ila msichana wa miaka kumi na saba hajui kutenganisha vitu viwili hivyo. Siku tuliyopanda boti kurudi Kongo niliapa kwamba mtoto nitakayemzaa hatakula maharage, na niliapa kwa sauti, mama yangu akasikia.

Niliolewa mjini Baraka na Shabani, kijana mwenye boti la kuvulia ndagala, wale samaki wadogo ambao wengine huwaita dagaa. Mungu alifungua mkono, samaki wakaja. Nyumba nyingi za wavuvi wa kwetu zina desturi hii: kabla ya samaki kwenda sokoni, sahani ya kwanza ni ya nyumbani. Mke wa mwenye boti huchota kitoweo chake, ndipo wachuuzi waguse. Mimi desturi hiyo niliikata. Nilipeleka sokoni hata ile sahani, na nikirudi nilipitia dukani: biskwi, chupa za sukre, yaani soda, mikate myeupe laini, tambi za paketi zenye unga wake wa chumvi. Sombe, yale majani ya muhogo, na mafuta ya mawese niliwaachia washamba. Nilipopita mtaani na mifuko yangu nilikuwa ninapunguza mwendo ili majirani waone vizuri.

Amisi alikuwa kifungua mimba wangu. Mwaka wa kwanza alinyonya, akawa mzima kabisa. Kabla hajajua kukimbia sawasawa nikashika mimba ya pili, na kwetu tunaambiwa maziwa ya mama mwenye mimba humharibu mtoto, basi nikamwachisha ghafla. Asubuhi nilimpa biskwi iliyolowekwa kwenye chai ya sukari. Mchana mkate, jioni tambi, na akilia, sukre. Samaki wa baba yake hakuwaonja. Mama yangu alituma kutoka Lweba karanga na unga wa kumpikia uji, nikampa jirani. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi mbacha wangu niliutoa nje mwenyewe na kuufagia.

Mashavu ya Amisi yakajaa. Miguu ikawa minene, nywele zikawa laini, zikaanza kuwa nyekundu. Watu wakasimama mlangoni kumsifu. "Mama Amisi, mutoto amenona! Utasema mutoto wa muzungu!" Mwanangu, hakuna siku nilizofurahi kama zile. Kweli alikuwa ameacha kucheza. Alikaa tu kwenye mkeka akinung'unika, hataki kushikwa. Nilisema ni mtoto mwenye adabu.

Palikuwa na mama mmoja wa Bibokoboko, kule juu milimani kwa wafugaji, jina lake Mama Debora. Kila wiki alishuka kwa miguu na bidoni, dumu la maziwa, na maharage ya kuuza. Nilikuwa ninamjibu salamu bila kuinua kichwa. Siku ile niliyokutajia mwanzoni aliomba maji ya kunywa. Alipokuwa anakunywa alimwita Amisi, mtoto hakugeuka. Akaweka kikombe chini, akambonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, akaondoa kidole. Shimo likabaki pale pale.

"Mama, huyu mutoto anakulaka nini?"

"Anakulaka bitu bya batajiri," nilimjibu. "Biskwi, sukre, mukate. Kwetu hatukosake kitu."

"Na samaki? Bwana yako si iko na boti?"

"Samaki tunauzishaka."

Aliutazama tena ule mguu. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu hapana munene. Hii ni maji ndani ya mwili. Mi nilizika moja wa hivi. Umupeleke ku hospitali leo. Na umupatie maziwa, na ndagala ya kutwanga, na maharagi."

Angetaja kitu kingine chochote pengine ningemsikiliza. Alipotaja maharagi nikaona ule mstari wa kambini, damu ikanipanda. "Mutoto wangu hatakula maharagi!" nikapiga kelele. "We unatafuta tu kuuzisha! Toka ku mulango yangu!"

Aliinuka polepole, mtu mzima wa umri wa mama yangu. Akamimina maziwa ndani ya kile kikombe, akakiacha juu ya kinu, akaenda zake. Maziwa yale niliwapa bata. Ndiyo, mwanangu, bata.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi guu halikuvunjika langu. Siku nane baadaye ngozi ya miguu ya Amisi ilianza kupasuka na kubanduka, na hata biskwi akaikataa. Shabani alimbeba mbio hadi hospitali. Muuguzi kijana alibonyeza ule mguu kama Mama Debora, akaniambia, "Mama, huyu mutoto iko na njaa."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. "Njaa? Sisi? Tuko na boti!"

Yeye hakucheka. "Tumbo ilijaa, lakini mwili haikupata chakula. Mumechelewa kumuleta."

Wakampa maziwa ya dawa, kijiko kimoja kimoja. Maji yakaanza kushuka mwilini, na hapo ndipo nilipomwona mwanangu alivyokuwa chini ya yale mashavu. Mbavu na ngozi. Siku ya tatu, adhuhuri, alikata roho mapajani mwangu, na jua halikuchwa kabla hajazikwa. Shabani hakunipiga, hakunitukana. Tuliporudi kutoka makaburini aliniuliza jambo moja tu. "Mi nilikuwa navuaka samaki ya nani?" Yeye mwenyewe ameshafariki, na swali lake ningali nalo.

Mama Debora alisikia habari huko milimani, akashuka. Aliketi mkekani na wafiwa wengine, Mprotestanti kati ya wanawake wa Kiislamu, na hakuna aliyemwuliza amefuata nini. Nilingojea aniseme. Nilitaka aniseme, ningepata nafuu. Nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza. "Kula kwanza. Iko mwingine ndani ya tumbo." Akanipakulia bugali na maharage kwa mkono wake. Nilikula nikilia, chumvi ya machozi ikiingia humo humo. Yule wa tumboni ni Zaina, na leo ana watoto watatu. Ndagala za sahani ya nyumbani ndizo zilizomlea.

Siku hizi njia ya Bibokoboko haipitiki kama zamani. Vita vimegawa watu wa juu na wa chini, na sijui kama Mama Debora yu hai. Watu bado wananiita Mama Amisi. Kwetu mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, awe hai asiwe hai, na kila ninapoitwa naitika. Majuto ni mjukuu. Wangu nimeishi naye nyumba moja miaka yote hii.

Sasa nisikilize. Sikwambii biskwi ni sumu. Siku ya sikukuu mpe mtoto biskwi yake, afurahi. Wala simsemi aliyefukuzwa shambani, ambaye leo hana hata jani la muhogo. Huyo ana Mungu wake, na sisi tuna deni la kumgawia. Nakusema wewe unayeuza mayai ununue sukre, wewe unayeona haya kula sombe mbele ya wageni. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kile cha paketi kinatembea na rangi zote. Kula samaki wa ziwa lako, maharage, karanga, majani ya shamba, tunda lililoiva mtini. Sahani ya kwanza ibaki nyumbani kabla hujaigusa biashara. Mtoto akiachishwa ziwa, chakula chake kipikwe, kisifunguliwe kwenye paketi. Akivimba miguu usingoje sifa za majirani, kimbia hospitali siku ile ile. Na mtu mzima akikukemea mlangoni kwako, mkaribishe ndani hata kama neno lake linauma.

Mungu akupe shamba lisilokimbiwa na ziwa lisilokauka samaki. Akupe sikio. Akuzeeshe mpaka uchoke mwenyewe, na siku yako ikifika, mwanangu, watoto wako ndio wakuzike wewe.