Siku Redio ya Kituo Ilipotulia

Siku moja huko Kirushya naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nimesikia umepata kazi ya kufunga redio za magari ya wagonjwa na kupanga milio ya kituo kikuu. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujaigusa hiyo redio, keti kwanza unisikilize.

Nilikuwa nesi kijana kwenye zahanati ya bondeni, na simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Tulikuwa na redio moja ukutani, na ndiyo tuliyoitumia kuita gari la wagonjwa. Mchana huo aliletwa mama mjamzito anayevuja damu, akisindikizwa na mama mkwe wake. Nikaita kituo, kule hospitali. Kimya. Nikaita tena. Mara nikawasikia, wazi kabisa, opereta wa kituo na dereva wakisalimiana, wakiulizana habari za maharage, wakicheka. Nikaingilia, nikasema nina mgonjwa anakufa. Wakaendelea na maharage yao.

Niliamini wananidharau kwa kuwa ni binti wa juzi tu, nikaanza kuwatukana, na mdomo wangu enzi hizo ulikuwa mchafu kweli. Yule mama mkwe akanishika bega, akasema taratibu:

"Binti yangu, hao hawakusikii. Sisi ndio tunakusikia. Sema tufanye nini."

Nikaiacha redio. Wanaume wa bondeni wakaleta ingobyi, ile machela yetu ya kusuka, wakambeba kwa kupokezana, na kila mwanamume tuliyekutana naye njiani aliweka jembe chini akaingiza bega. Kwenye barabara kubwa tukapata lori la ndizi, likatufikisha hospitali. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nikaenda chumba cha redio cha kituo, hapo hapo hospitali, na gauni langu lenye damu. Opereta alikuwa amekaa pale pale mbele ya redio, anakunywa chai. Akanikaribisha vizuri, akaniambia kwa furaha, "Leo redio imetulia kweli, nesi."

Nikamweleza nilivyomwita. Kumbe asubuhi fundi alikuwa amepanga milio mipya, maana sauti za redio za ng'ambo ya mpaka zilikuwa zinawasumbua. Kila redio ilipaswa kupewa mlio wa kuitambulisha, ambao sikio la mtu haliusikii, na redio ya kituo haitoi sauti ya asiye nao. Magari yote aliyapa. Zahanati yetu aliiahirisha hadi kesho yake kwa sababu ya ubovu wa barabara, na hakuna aliyetuambia. Sisi tuliwasikia wao, wao hawakutusikia sisi. Opereta alipoelewa alilia mbele yangu, mtu mzima na mvi zake.

Sasa nakuusia, mwanangu. Ukibadilisha milio, anza na redio za mbali, hata kama njia ina matope; kituo kiwe cha mwisho. Usifunge mkoba wako wa vifaa mpaka kila redio imekuita na wewe umeijibu. Na kituo kikitulia kuliko kawaida, usishukuru. Waite wewe walioko mbali, uwaulize kama wapo.

Nenda salama. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na siku mama wa bondeni atakapoita, akukute unamsikia.