Saini Yangu kwenye Karatasi ya Upekuzi

Leo, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, natimiza miaka ishirini na saba tangu nitoke Korogwe. Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka sabini na sita, Mzigua wa Misima. Naishi Dar es Salaam na mwanangu wa miaka hamsini na mbili.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa fundi redio na balozi wa nyumba kumi pale Manundu, Korogwe. Malori yaliongezeka, mitumba ikajaa, na unga, yaani heroini, ukaja kwa barabara hiyohiyo. Muuzaji tulimjua wote. Siku polisi walipokuja mtaani waliniita nishuhudie upekuzi, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi ya balozi. Hawakwenda kwa muuzaji. Walikuja uani kwangu, chumbani kwa mwanangu, wakakuta kete mbili za unga. Walinipa karatasi ya upekuzi nisaini, nikaisoma mara mbili. Mwanangu ndiye aliyesema, "Saini, baba. Si umeziona?"

Nikasaini. Niliamini jela itamwachisha. Aliingia akivuta, alipotoka hakuna aliyempa kazi, akaanza kujidunga. Muuzaji akaezeka nyumba ya pili. Mimi nikahama kwa aibu, na mke wangu alifariki hajanisamehe.

Sasa mwanangu anatumia methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga. Anainywa kliniki kila asubuhi mbele ya muuguzi, hata sikukuu. Mwaka wa nne huu hajajidunga, na redio za watu tunatengeneza pamoja. Inaniuma kwamba zamani tulikuwa na pingu tu za kumpa.

Mdogo wangu aliyebaki Misima ananipigia kila wiki. Nimebaki mkubwa wa ukoo, wananitaka nikagawe mashamba ya baba na nikae hukohuko. Nilimweleza kwamba karibu na kwetu sijasikia kliniki ya namna hii.

"Kaka, unalea teja kwa unga wa serikali," akasema. "Mwache huko, uje uzikwe na wenzako."

Binti zangu nao wanasema mtu mzima aende kliniki mwenyewe. Anaweza. Lakini kila asubuhi nakaa kwenye benchi, naye akishameza hunigeukia na kikombe kitupu. "Umeona, baba?" Namjibu nimeona.

Ndugu wasomaji, nimwambie nini mdogo wangu ili undugu wetu usife? Hilo tu ndilo naomba mnisaidie. La kurudi nimeshaamua. Sitarudi.