Amri ya Kiti cha Dorila

Mtaani kwetu La Teja, ukitaka kiti kizuri siku za kanivali, unakuja mapema uwanjani kwa klabu ya mtaa, penye jukwaa. Kikundi cha waimbaji wachekeshaji kinazunguka na basi lake jukwaa hadi jukwaa, na kila jioni lazima kichelewe. Bila Dorila, watu wangeshachoka wakarudi makwao. Yeye anaweka kiti chini ya taa, anawapaka watazamaji rangi usoni kama waimbaji wenyewe, wazee kwa watoto, huku akiwachamba wote. Amri yake ni moja: ukikaa, kimya! Ukicheka tu, mstari wa mdomo unapinda.

Mimi nakaanga torta frita, maandazi yetu bapa, pembeni yake, kwa hiyo nilisikia yote. Msiniite mmbea.

Jumamosi ile Dorila hakuwa sawa. Mdogo wake Waldemar, mwimbaji wa zamani, kesho yake alikuwa anahamia mji wa mbali, Paysandú, kwa binti yake. Walikuwa hawasemezani miaka na miaka, kwa sababu Waldemar hakuja kumzika mama yao, na usiku uleule akapanda jukwaani kuimba.

"Akiondoka bila kuniaga, basi, sina ndugu tena," aliniambia. Lakini macho hayakubanduka langoni.

Mara huyo! Waldemar akapanga foleni nyuma ya watoto. Zamu yake ilipofika, akakaa.

Dorila akachovya brashi. "Funga mdomo."

Akafunga.

"Leo utanisikiliza. Mama kabebwa na majirani. Majirani, Waldemar! Na mimi mjinga nimekupigia suti pasi, nakungoja mlangoni. Usitikisike, nitakutoboa jicho! Halafu usiku nasikia unaimba. Ulikuwa na roho gani wewe?"

Alimsema kuanzia nyusi hadi kidevuni. Foleni nzima ikatega masikio, torta zangu zikaungua. Mwisho akamchora nyota shavuni, ileile aliyokuwa akichorwa na mama yao utotoni.

"Haya, sema sasa."

Waldemar akainuka, akamnyang'anya brashi. "Kaa wewe, dada. Amri ni ileile."

Lo! Dorila anyamaze? Lakini amri aliiweka mwenyewe. Akakaa.

"Nilifika mpaka kona ya nyumba," Waldemar akasema, anapaka ovyoovyo. "Nikaliona jeneza, miguu ikakataa. Nilikimbia, dada. Usiku nikapanda jukwaani kwa sababu pale nilikuwa na uso mwingine. Hata leo sijui niliimba nini. Niliogopa, ndiyo hayo tu. Nisamehe."

Midomo ya Dorila ikacheza, lakini hakutoa neno. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Usilie bwana, rangi inachuruzika."

Mara basi likapiga honi barabarani, uwanja mzima ukashangilia. Kila jioni Dorila ndiye anayepanda jukwaani kuwakaribisha waimbaji. Nikamkimbilia na kitambaa, maana uso, jamani! Nyusi moja juu, nyingine imeshukia shavuni, mdomo umefika sikioni.

"Jifute upesi, shoga. Watakucheka."

"Wacheke," alisema, akausukuma mkono wangu. "Nimepakwa na ndugu yangu."

Akamshika Waldemar mkono, wakapanda wote wawili.