Nilivyomwita Mgeni wa Maktaba Mjukuu wa Mwizi wa Ng'ombe

Aibu hii ikinijia nikiwa kwenye swala hunilazimu nianze upya, kwa sababu kicheko hunitoka katikati ya Alhamdu, na Mungu ni shahidi kwamba ninayemcheka ni mimi mwenyewe.

Mwanangu Mwajuma alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kwa majaribio kwenye maktaba moja huku ughaibuni, mtaa wa Shard End, na kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa kumwalika mwandishi mmoja wa kike kutoka Marekani, aliyekulia kwenye ranchi, anayeandika riwaya za wachunga ng'ombe wa leo (zile za farasi na kofia pana, ila kwake watu wanapambana na ukame na benki, si kwa bastola). Meneja wa Mwajuma naye angekuwepo kumpima. "Baba," akaniambia, "njoo, ila plizi usiulize kitu."

Nikaitikia. Lakini nilikuwa nimekisoma kitabu chenyewe hadi katikati, na mle kuna ng'ombe anashindwa kuzaa, msichana anaingiza mkono kumgeuza ndama, na mimi mkono huohuo niliuingiza kwetu Kondoa nikiwa na miaka tisa, basi nikalia ndani ya basi la kwenda Nechells, mzee mzima na ndevu zangu. Nikajiambia huyu si mgeni. Mimi Mrangi, watani wangu ni Wagogo, wafugaji, na huyu ni mfugaji, kwa hiyo naye ni mtani (ambaye kwetu unaweza kumtukana hata msibani asikasirike), na mtani haondoki hivihivi bila kutaniwa.

Siku ilipofika, mwandishi akatueleza ukumbini kwamba babu wa kitabuni ni babu yake kabisa. Maswali yalipofunguliwa, mkono wangu ukainuka.

"Mama," nikasema kwenye maikrofoni, "babu yako ana ng'ombe tele na sijaona aliponunua hata mmoja. Tuambie ukweli, aliwaiba wapi?"

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

"Hukukimaliza kitabu," mwandishi akasema taratibu. "Alifungwa kwa wizi wa ng'ombe. Alifia gerezani."

Mwenye akili angekaa. Mimi nikaanza kueleza utani, nikasema kwetu hata maiti hutaniwa, mtani hujilaza kaburini akazuia mazishi mpaka apewe chochote, na nilivyozidi kueleza ndivyo meneja alivyozidi kuandika kwenye daftari lake. Mama Njeri, nesi Mkenya ambaye ni jirani yetu, akanivuta koti. "Mzee, keti. Utafutisha huyu msichana kazi."

Ndipo nikautazama uso wa Mwajuma, nikaacha kueleza. Nikamwomba mgeni radhi mbele ya wote, nikasema kosa ni langu, binti huyu alinikataza.

Mwandishi akaniuliza, "Na aliyetaniwa hufanya nini?"

"Hutoza faini. Huchukua chochote cha mtani wake."

Akanyoosha mkono. Nikavua kofia yangu ya kiua iliyodariziwa nikampa, akaivaa palepale. "Babu yangu angechukua na koti," akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, meneja naye akafunga daftari.

Mwajuma alithibitishwa kazini, namshukuru Mungu. Mimi nilirudi nyumbani na upara wangu kwenye manyunyu, nikala yamini: simtanii tena mwandishi kabla sijafika ukurasa wa mwisho, na akialikwa mwingine, nitakaa kiti cha nyuma kabisa, mikono nimeikalia.