Mlima Uliokunjwa na Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, brashi na jiwe refu kama muhogo, nikaambiwa nilioshe. Nikaliosha. Nikaambiwa nilioshe tena. Nikasema moyoni, hawa watu wana akili kweli? Nimetoka Didia nimeacha mtama haujapaliliwa, watoto nimemwachia mama mkwe, nimekuja mpaka Geita kuosha jiwe! Na mama mkwe alikuwa amenichoma kabla sijapanda basi: "Nenda ukaoshe mawe, mwanangu. Yakiiva utuletee."

Mimi shule nimeishia darasa la nne, siwafichi. Lakini mawe nimeosha tangu wengi wenu hamjazaliwa, mpaka nikawa msimamizi wa wanaoosha, na leo mjukuu wangu wa kike anasomea miamba chuoni. Kwa hiyo nikisema jambo la mawe nisikilizeni.

Kambi yetu ilikuwa ya utafiti, siyo mgodi. Vijana mnachanganya sana hapo. Mgodi unachimba kitu kilichokwisha kuonekana. Utafiti unatafuta kitu ambacho hakuna aliyekiona, na kisipoonekana, mashine zinapakiwa kwenye lori na kila mtu anarudi kwao. Mashine yenyewe ni ya kuchoronga. Ina bomba refu, mdomoni limewekwa vipande vya almasi, siyo zile za kung'aa wanazogombania kule Maganzo, hizi ni chafu na ndogo, kazi yao ni kung'ata tu. Bomba linang'ata mwamba kwenda chini, na mwamba unaingia ndani ya bomba mzima mzima. Ukitolewa unakuwa gongo. Magongo hayo yanapangwa kwenye trei, yaani sanduku la bati lenye mifereji mitano, kila mfereji mita moja. Ndiyo mlima huo sasa, umelala mezani mbele yako, kuanzia juu kwenda chini.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi wa Ghala la Mawe, mzee wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, mtu wa kanisani, hatukani mtu, ila jiwe likidondoka alikuwa anasahau sala zote.

"Mama Masanja," aliniambia siku hiyo hiyo, "trei inasomwa kama kitabu. Unaanza kushoto unakwenda kulia. Mfereji ukiisha unarudi kushoto, unaanza mfereji wa pili. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Rudia."

Nikarudia. Kila aliyeingia ghalani alirudishwa darasani namna hiyo. Lakini shikeni hili: walioko kule kwenye mashine hawakuwa watu wake. Wale walikuwa chini ya Fundi wa Mashine, na yule alijua vyuma tu.

Juu ya wote alikuwepo Mkuu wa Jiolojia, mwanaume mnene, nyundo kiunoni, na alikuwa analamba mawe. Msicheke. Jiwe likilowa linaonyesha rangi yake. Siku moja aliniona namtazama, akaniuliza kama nataka kujua anatafuta nini. Nikamwambia nataka. Akachota udongo wa njiani viganja viwili, akatupa kwenye ndoo yangu ya maji safi, akakoroga.

"Subiri," akasema. "Nini kinatangulia kukaa chini?"

"Kokoto, na mchanga."

"Halafu?"

"Tope. Kama machicha ya pombe."

"Basi hayo ndiyo mashapo. Zamani, kabla ya mti wala nyasi, hapa palikuwa bonde kubwa lenye maji. Milima iliyokuwepo ikasagika, mvua ikaileta humu. Kila maji yalipokuja kwa nguvu, mchanga ulitangulia kukaa, tope likafuata juu yake. Yakija mengine, hivyo hivyo. Kisha ardhi ikasukumana, huku inasukuma na huku inasukuma, lile bonde likakunjika kama kitenge kabatini, likawa mlima."

Akanionyesha gongo lenye mchanga upande mmoja na tope upande wa pili. "Ukiona mchanga chini na tope juu, mlima umekaa sawasawa. Ukiona mchanga juu na tope chini, ujue ulipinduliwa." Na alinionyesha jiwe la mistari, nyekundu na nyeusi, zito kwa sababu ya chuma. Hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta, maana ndani yake dhahabu inapenda kujificha. Lilikaa kwenye bonde lile kabla ya mchanga na tope, kwa hiyo mlima ukiwa sawasawa, liko chini yako. Mlima ukiwa umepinduliwa, unaweza kuchoronga mpaka uchoke, kila unaposhuka unalikimbia.

Sasa ikaja shida. Matundu mawili ya kwanza yalitoa tope tupu, ambalo halisemi juu ni wapi wala chini ni wapi. Makao makuu wakapiga simu: mtachoronga tundu moja la mwisho, na Ijumaa Mkuu wa Jiolojia atuambie jiwe la mistari liko upande gani. Akishindwa, fungeni kambi. Jamani, tuliogopa. Mimi nilikuwa na Masanja sekondari na nyumba yangu ya bati imefika usawa wa dirisha. Mzee wa Ushirombo alianza kufunga vitu vyake kidogo kidogo, akijifanya anasafisha.

Tundu la mwisho likatoa mchanga na tope vizuri kabisa. Tukafurahi. Mkuu akapita meza zote akilamba na kuandika, na kila alipokwenda mbele uso ulikuwa unakunjamana. Mfereji wa kwanza mlima umepinduliwa. Wa pili umekaa sawasawa. Wa tatu umepinduliwa tena. Wa nne sawasawa. Alhamisi jioni alikaa kwenye ndoo yangu kaifudikiza, hakunywa hata chai.

"Mama Masanja, mlima huu una wazimu. Umekunjika ovyo. Siwezi kuwaambia kitu."

Ijumaa asubuhi alirudi kabla jua halijapanda. Alisimama tu anaangalia trei, kisha nikamsikia anacheka puani.

"Kila mita moja," akasema. "Mlima unajikunja kila mita moja, kamili, kama umepimwa kwa rula? Mlima gani una rula?" Akachukua gongo la mwisho la mfereji wa kwanza, akajaribu kuliunga na la kwanza la mfereji wa pili, upande wa kushoto. Likakataa. Akalipeleka upande wa kulia. Likaingia, tak, kama kifuniko na sufuria yake. "Nani anajaza trei kule kwenye mashine?"

Alikuwa Mama Kulwa, mwanamke wa Samuye, mpya kabisa, ameshika nafasi ya mwenzetu aliyekwenda kujifungua. Mkulima hodari, kusoma hajui. Tulikwenda wote, Mkuu, mzee wa ghala, mimi, na Meneja wa Kambi akatufuata anahema. Mama Kulwa alikuwa anapanga. Akajaza mfereji wa kwanza kutoka kushoto mpaka mwisho, vizuri, kwa utulivu. Alipofika mwisho, akageukia hapo hapo na kurudi nao mfereji wa pili kutoka kulia kuja kushoto.

"Mama," Mkuu akamwita kwa upole, "mbona umegeukia hapo?"

Mama Kulwa akamtazama kama anavyotazamwa mtoto. "Sasa baba, nimefika mwisho wa tuta, nirudi mwanzo mikono mitupu? Kwenu mnalima hivyo?"

Mzee wa Ushirombo akajishika kichwa. Halafu Mkuu akakaa chini, na suruali yake safi, kwenye matope ya mashine, akacheka mpaka machozi. Meneja hakucheka. Alisema huyu mwanamke aondoke leo.

"Ataondoka na mimi," Mkuu akasema, bado yuko chini. "Kuna aliyemwambia? Wewe ulimwambia? Aliambiwa jaza, amejaza. Na nashukuru amejaza kwa mpangilio. Angejaza ovyo, tungekwisha."

Tukarudi ghalani mbio. Mama Kulwa akaja nasi, anasema "mayu, mama yangu, nimewaharibia" na mimi namwambia nyamaza, shika upande huu. Tukageuza kila mfereji wa pili na kila wa nne. Na kwa sababu trei ina mifereji mitano, trei iliyofuata iligeuka kwa wa kwanza, wa tatu na wa tano, mama yule alikuwa anaendeleza tuta pale pale lilipoishia. Gongo baada ya gongo, ncha kwa ncha, tak, tak. Tulipomaliza Mkuu alipita meza zote tena. Mchanga juu, tope chini. Mchanga juu, tope chini. Mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea.

"Umepinduliwa wote," akasema polepole. "Kama chapati. Tulikuwa tunalikimbia jiwe la mistari."

"Liko wapi basi?" Meneja akauliza.

"Nyuma yetu. Mlima umelala mshazari, jiwe linatokeza nyuma ya jiko."

Mpishi alisikia, akatoka na mwiko. "Nyuma ya jiko langu? Na uji mtakunywa wapi?"

Simu ikapigwa, ruhusa ikaja, mashine ikahamishwa, uji tukanywa tumesimama kwenye vumbi. Na siku lile gongo la kwanza la mistari lilipotoka, jekundu kwa jeusi, zito kama mtoto aliyeshiba, Fundi wa Mashine alimpa Mama Kulwa alipange yeye. Akalilaza kushoto. Wote tukapumua. Mzee wa ghala alikwenda kufungua sanduku lake, akarudisha nguo msumarini.

Tangu siku ile ilikuwa sheria: gongo likitoka tu kwenye bomba, kabla mkono mwingine haujaligusa, linachorwa mshale mwekundu unaoelekea chini. Mnauona mpaka leo na hamjui ulitoka wapi. Ulitoka kwetu, kwenye tuta la Samuye.

Baadaye nilihamishiwa kambi ya Bukombe, kisha nikarudishwa Geita nikiwa msimamizi, na kila mgeni nilimwonyesha kwa mkono wangu mwenyewe, sikumwachia kusikia tu. Nyumba ilifika juu, ikapauliwa. Mama mkwe alikuja kulala ndani yake, akagonga ukuta, akasema, "Kumbe yaliiva." Nilicheka wiki nzima.

Nilipostaafu nikarudi Didia. Mwaka wa kwanza wa kulima, Mama Kulwa alikuja kunisaidia, maana naye alikuwa amepumzika, na magoti yetu sote wawili hayafai. Nikalima tuta la kwanza mpaka mwisho. Nikasimama, nikaweka jembe begani, nikaanza kutembea kurudi mwanzo kushoto, kwenda kuanza la pili. Nilikuwa nimefika katikati ya shamba niliposikia kicheko nyuma yangu.

"Mayu!" Mama Kulwa ameegemea jembe, hana nguvu kwa kucheka. "Geuka hapo hapo! Huku hakuna trei!"

Nikageuka.